Boksi linasema 4800 programu inaishia 600, skana yako sio feki mkuu

Mkuu umesema boksi la skana limeandikwa dpi 4800 (nukta kwa kila inchi) ila ukifungua programu kwenye kompyuta mwisho ni 600, na jamaa ameshakwambia umepigwa. Hiyo peke yake sio dalili ya kupigwa. Mimi nina steshenari huku Ng'ong'ona jirani na UDOM, naskani vyeti vya wanachuo kutwa nzima, na haya mambo yalinila hela kwanza ndo nikayajua.

Ile programu haiijui mashine. Inaiuliza draiva, yaani programu ndogo inayounganisha kompyuta na mashine, draiva inajibu inavyojua yenyewe, programu inapanga majibu kwenye menyu basi. Windows ikijiwekea draiva ya jumla unapewa vitu vya msingi tu, ukiweka ya mtengenezaji menyu inarefuka, na mashine ni ileile, waya uleule. Kuna draiva nyingine nazo zinajisifia, zinakuwekea mpaka 9600 wakati jicho la skana linaona 1200, hizo nukta za ziada zinabuniwa tu katikati.

Sasa sikia. Kuna mzee alitoka Chamwino na hati ya shamba, ile karatasi ndefu ya legal. Nikaangalia kwenye programu, Legal ipo, nikachagua nikaskani nikamtumia mwanae WhatsApp. Jioni simu inaita: "Kijana, muhuri uko wapi?" Muhuri ulikuwa chini kabisa ya karatasi na kioo changu kinaishia milimita 297, legal ina karibu 356, kwahiyo ulibaki nje. Ile orodha ya karatasi programu ilikuwa nayo tu kichwani, mashine haikuulizwa. Nauli ya mzee ya kurudi tena nililipa mimi.

Tangu hapo mashine mpya ikiingia naichomeka kwanza kwenye laptopu yangu kuukuu yenye Ubuntu (aina ya Linux), naandika amri ya scanimage -L nione kama imeonekana, halafu scanimage -A inamwaga kila kitu draiva inachokikubali. Utakuta mstari kama huu:

--resolution 75|150|300|600dpi [300]
-y 0..297mm [297]

Vya kushoto ndo vinavyoruhusiwa, cha kwenye mabano ndo kilichowekwa kwa sasa. Huo wa -y, yaani urefu wa eneo la kuskani, ungeniokoa na yule mzee. Ukiona mbele ya kitu pameandikwa inactive usikimbilie kwa fundi kama mimi nilivyofanya (aliniangalia akacheka), maana yake kimezimwa mpaka ubadilishe kingine, mfano threshold (mpaka wa kuamua nukta iwe nyeusi au nyeupe) kwenye skana nyingi inaamka ukiweka mode ya Lineart tu, ile ya nyeusi na nyeupe. Na kwenye source, yaani karatasi inaskaniwa kutokea wapi, ikisema ADF (trei inayojivutia karatasi yenyewe) wakati mashine yako haina trei ya juu, ujue draiva hiyo inatumiwa na modeli nyingine nyingi ndugu zake.

Ila kwa vyeti hiyo 4800 ya nini jamani? A4 ya rangi kwa 300 ni kama MB 26 kabla haijabanwa, kwa 1200 inavuka MB 400, laptopu inaganda na foleni ya wanachuo mlangoni inaanza kuguna.

Weka kwanza draiva ya mtengenezaji uone menyu kama inabadilika. Ikigoma, tafuta mtu mwenye Linux, endesha hiyo -A halafu bandika hapa mistari ya resolution na source tuiangalie.