Saizi 58 ya damu ya mzee

Jana usiku msomaji anayeuza mashuka ameniandikia: "Shikamoo dada. Duka langu la mtandaoni limejaa bidhaa, lakini wateja wananiuliza kila siku kama nina rangi nyingine." Nikalifungua. Shuka lilelile kaliweka mara sita: jeupe tano kwa sita, jeupe sita kwa sita, jekundu tano kwa sita, na kuendelea. Roho iliniuma, maana nilipita hukohuko.

Mimi nauza abaya. Fundi niliyemlipa laki tatu alinijengea duka kwa WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, akanikabidhi nywila, na simu zangu hakupokea tena. Nikajifunza mwenyewe usiku, watoto wakishalala. Nikaziunganisha zile kurasa zote kuwa bidhaa moja yenye machaguo: saizi tano, kuanzia 52 hadi 60, na rangi nne. Machaguo 20. Niliona nimemaliza kazi.

Ramadhani ikaja. Idadi ya mzigo nilikuwa nimeijaza kwenye bidhaa kuu: abaya 40. Ukifanya hivyo, machaguo yote yanachota kwenye hiyo 40 moja. Mfumo haujui kwamba rangi fulani imekwisha. Jumla ikiwepo, unauza tu. Siku mbili kabla ya Idi, mama mmoja wa Tanga akalipia saizi 58 ya damu ya mzee. Nikapekua mfuko kwa mfuko. Nyeusi zipo, kijivu zipo. Damu ya mzee zimebaki mbili, zote saizi 52.

Nikampigia. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, ningejua mapema ningeshona." Nikamrudishia hela yake pamoja na ya kutolea. Sauti yake ninayo masikioni mpaka leo.

Kwa hiyo wewe wa mashuka, idadi iingie ndani ya kila chaguo, siyo kwenye bidhaa kuu. Fungua chaguo lenyewe, tiki kile kisanduku cha kusimamia mzigo, andika ulichonacho. Mimi natandika mkeka, nazipanga abaya kwa rangi, kila moja naibandika karatasi: DM58, NY54. Alama hiyohiyo ndiyo naiandika kwenye mfumo, hata mdogo wangu akifungasha oda hakosei.

Na bei ijaze kila mahali. Chaguo lisilo na bei mteja hauziwi. Saizi 60 zangu zilikaa wiki nzima bila kununuliwa kwa sababu hiyo, nami nikidhani watu hawazitaki! Kwenye sifa zenyewe, yaani rangi na saizi, hakikisha umetiki kwamba zitumike kuzalisha machaguo, la sivyo utakesha. Picha nayo, kila rangi iwe na yake. Mteja akigusa kijivu aone kijivu.

Lakini usiwe na tamaa ya machaguo. Sifa tatu zenye machaguo matano matano zinazaa 125, na kila moja inadai bei na hesabu. Tena WooCommerce ikiachwa ilivyo, bidhaa ikizidi machaguo 30 ukurasa hauwezi tena kumfichia mteja mchanganyiko usiokuwepo. Atachagua rangi, atachagua saizi, ndipo aambiwe hakuna. Huko ni kumchezea mtu aliyekuja na hela yake mkononi. Muuzaji lazima ajue kilichomo ndani ya nyumba yake kabla ya kukitangaza. Hesabu ni amana. Idi iliyofuata sikurudisha hela ya mtu hata mmoja, na mama wa Tanga alinunua abaya mbili.

Mashuka yako yanataka sifa mbili tu, rangi na kipimo. Foronya ziandike kwenye maelezo. Kurasa za zamani usizifute mpaka uelekeze viungo vyake kwenye ukurasa mpya, kwa sababu watu wanavyo kwenye WhatsApp. Na kabla hujagusa kompyuta, toa mashuka yote kabatini uyahesabu.