Maswali na Majibu: Presha ya manifoldi, joto na mwinuko

Gari langu la petroli la cc 1500, halina turbo, ni jepesi Mombasa lakini Nairobi linachoka. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Nikubali?

Bado. Mombasa hewa ina presha ya takriban kilopaskali 101. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni kama 83. Injini isiyo na turbo haiwezi kuipita presha ya nje hata ukanyage mafuta mpaka chini, kwa hiyo manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) iliyofika kilopaskali 99 pwani, Nairobi itaishia 81. Ubaridi wa Nairobi hukufidia kidogo: mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani kwenye nyuzi 32 ina uzito wa kilo 1.16, ya Nairobi kwenye nyuzi 20 ina 0.99. Pengo ni asilimia 14 au 15, na nguvu hupungua kiasi hichohicho. Likipungua kuliko hapo, angalia chujio la hewa na plagi, kisha pima presha ya mafuta. Pampu inunuliwe baada ya kipimo, si kabla.

Niko Arusha. Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) inasoma inchi 14 za zebaki injini ikinguruma bila kukanyagwa. Kitabu kinataka 17 hadi 21. Valvu zimekufa?

Hicho kitabu kimeandikiwa usawa wa bahari. Toa inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha iko kwenye 1,400 hivi, basi kipimo chako cha haki ni 12 hadi 16. Tazama zaidi mshale. Ukitulia, huna tatizo. Ukidondoka kwa mpigo uleule kila mara, hapo ndipo ushuku valvu. Ukitulia chini ya 12, kuna hewa inayoingia kwa njia ya panya au moto wa plagi unachelewa. Bana mipira ya vakyumu mmoja mmoja kwa koleo: ule ambao ukibanwa ngurumo inabadilika, ufuate mpaka mwisho wake.

Nitajuaje sensa ya MAP (ile inayopima presha ya manifoldi) inadanganya?

Washa swichi bila kuwasha injini, usome kwenye mashine ya uchunguzi. Manifoldi sasa ina hewa ya nje tu, hivyo namba iwe ya mahali ulipo: Dar es Salaam kilopaskali 101, Dodoma kama 89, Nairobi kama 83. Ikipishana kwa zaidi ya 3 au 4, anza na mpira wake (hupasuka kwenye kona, usipoonekana) na soketi, upime kama volti 5 zinafika. Sensa ni ya mwisho. Inayosoma 95 ukiwa Nairobi huiambia kompyuta kuna hewa nyingi, petroli inazidi, na unapata moshi mweusi na plagi zenye masizi.

Injini ikishawaka na kupata moto, wala haijakanyagwa, injini nyingi nzima husoma kilopaskali 28 hadi 40, pwani au bara.

Mbona usiku injini ni nyepesi, mchana wa joto ni nzito?

Kila nyuzi 10 za joto huondoa kama asilimia 3 ya uzito wa hewa. Unyevu nao una hesabu yake: nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, mvuke unachukua kilopaskali 3.5 hivi za nafasi ya hewa kavu. Sensa ya MAP haiutofautishi. Hakikisha pia bomba la kuvutia hewa halijachomoka likawa linanyonya joto la boneti. Hilo tunalikuta kila mara.

Dizeli yangu ya turbo imepasua mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo) ikipanda Timboroa. Pwani haikuwahi. Kwa nini?

Timboroa presha ya nje ni kama kilopaskali 74. Kompyuta ikitaka 180 ndani ya manifoldi, Mombasa turbo huongeza 79. Timboroa huongeza 106. Mpira hubeba tofauti ya ndani na nje, na ule uliochoka hukubali pwani, ukakataa mlimani. Badilisha mpira pamoja na klampu zake, na ufute mafuta ndani ya bomba kabla ya kukaza, la sivyo mpira utateleza.