Maswali na Majibu: Na Mstari wa 10 Je?

Barua za safari hii ni nyingi, nimechagua chache. Nyingine nyingi zinajibiwa na mstari wa Biblia uliotangulia, au unaofuata, ule mlionukuu wenyewe. Hizo nimeziacha makusudi.

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Miaka mitatu sasa nakiri Yeremia 29:11 kila asubuhi, nikiomba kazi na ndoa. Sijaona kitu. Nimekosea wapi?

Asifiwe sana, dada yangu. Kuomba kazi na ndoa hujakosea, endelea. Ulipokosea ni pale ulipouokota mstari wa 11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mawazo ya amani na kuwapa tumaini, ukauacha wa 10 umelala hapo hapo jirani. Maneno yale yamo katika barua ambayo Yeremia aliwapelekea Wayahudi waliokuwa wamehamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watarudishwa ikiisha miaka 70. Piga hesabu. Mtu wa miaka 40 aliyesikia barua ile ikisomwa alijua kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana mstari wa 5 na wa 6 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waozeshe watoto wao. Kwa maneno mengine, fungueni mizigo, mtakaa.

Halafu Biblia yetu ya Kiswahili haikuficha kitu: "mawazo ninayowawazia ninyi". Ninyi. Tunausoma kama umeandikwa "wewe", tena wewe peke yako, tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa rudi sura moja nyuma, ukutane na Hanania. Nabii huyu aliivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, mbele ya watu, akatangaza kwamba Bwana atamaliza shida yao ndani ya miaka miwili. Yeremia mwenyewe aliitikia "Amina", kwa maana nani asingependa iwe hivyo? Lakini Bwana hakuwa amemtuma, na Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba. Ningekuwepo siku ile, nakiri, ningempigia makofi Hanania na kumwona Yeremia mtu wa mikosi. Kwa hiyo mnaonitumia video za fulani aliyetabiri kwamba huu ni mwaka wenu wa kuvuka, mkitaka nitie muhuri, kasomeni kwanza sura ya 28.

Je, mstari wa 11 hauna lako? Unalo. Mungu aliyewawazia amani watu waliokuwa mahali wasipotaka kuwa ndiye aliyekuita katika Kristo, naye hajabadilika. Ila amani ile waliipokea wakiwa na jembe mkononi. Tuma maombi ya kazi, hata ile ndogo unayoidharau.

"Jisaidie nami nitakusaidia" ni kitabu gani na mstari gani?

Hakuna. Haikuwepo mlipouliza mara ya kwanza, na bado haipo.

Nikiwa kwenye mfungo, kupiga mswaki kunauharibu? Na kumeza mate je?

Piga mswaki, tafadhali, majirani zako hawajafunga pua. Bwana mwenyewe alisema, "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso" (Mathayo 6:17), ili watu wasijue. Mate yako meza.

Ningefurahi kuulizwa swali la Isaya 58, ambalo haliletwi kamwe. Pale watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga wala hakuona, naye anawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanawalemea wafanyakazi wao, wanagombana na kupigana ngumi. Kama umefunga siku tatu na mshahara wa anayekufulia nguo hujamlipa, mswaki si tatizo lako. Na wewe unayetumia dawa kila siku au unayenyonyesha, usiache chakula wala dawa kwa sababu kuna mtu ametangaza siku 21 kavu. Muulize daktari kwanza. Kuna mengine ya kujinyima, simu ikiwa ya kwanza.

Nikipiga magoti usiku nasinzia. Ni pepo?

Ni usingizi. Petro, Yakobo na Yohana walisinzia Gethsemane, na Bwana aliwakuta hivyo zaidi ya mara moja. Hakukemea pepo. Alisema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Omba ukiwa umesimama, kwa sauti, kabla hujachoka.

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili. Nasoma, naomba, lakini ndani pakavu kabisa. Naona aibu kusema.

Ndugu yangu, hii ndiyo barua iliyonifanya nikae. Nimewahi kupita hapo, tena kwa miezi. Daftari langu la wakati ule ninalo bado: kila ukurasa una tarehe, rejea ya andiko, na chini yake mistari mitupu. Mahali pamoja nimeandika "Zaburi 88" siku nne mfululizo, na neno lingine hakuna.

Zaburi ile inaanza kwa kumwita Bwana Mungu wa wokovu na inaishia gizani. Haina ule mgeuko wa mwisho tuliouzoea, "lakini nitamsifu". Na bado iliwekwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada, waimbe wote. Mwenye kukauka alipewa wimbo wake.

Kabla hujajitafutia dhambi iliyojificha, jitazame kama Elia katika 1 Wafalme 19. Ametoka kwenye ushindi mkubwa, analala chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye sana, kule mlima Horebu. Wewe unalala saa ngapi? Unafundisha Jumapili zote bila kupokezana? Omba mwenzako akushikie darasa kwa muda. Zaburi moja kwa siku inatosha, isome kwa sauti hata kama husikii kitu. Na mwambie mtu mmoja mzima, mwenye kifua. Giza likizidi, ukaanza kutamani kufa kama Elia, mwambie leo leo na mwende pamoja hospitali.

Nina usaili wiki ijayo. Naomba mstari mmoja wenye nguvu wa kukiri. Nimefikiria Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu."

Soma Wafilipi yote, ni sura nne tu, hata nusu saa haiishi. Ukifika 4:13 utakuwa umeshapita 4:12, pale Paulo anaposema amejifunza kushiba na kuona njaa pia, na aliyaandika hayo akiwa kifungoni. Nakuombea upate hiyo kazi. Vaa viatu vilivyopigwa rangi na ufike mapema.