Je, Mila Inaweza Kubadilika?

SWALI: Mhariri, wazee wetu hapa Kisumu husisitiza kwamba mila haibadiliki. Je, ni kweli?
Msomaji, Kondele

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na ushahidi uko mjini kwenu. Wajaluo hawakuwa na desturi ya kutahiri wanaume. Alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Utafiti uliofanywa Kisumu, uliositishwa kabla ya muda wake Desemba 2006 kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Mwaka 2008 Raila Odinga, kiongozi wa kisiasa Mjaluo, aliiunga mkono tohara hadharani, na vijana wengi wakajitokeza kwa hiari. Nawaheshimu mno wazee waliokubali kwamba hilo ni suala la afya, wala halimwondolei mtu Ujaluo wake.