Nusu ya kromosomu 33 ni ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum, mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Wete. Tumesomeshwa kwamba seli za uzazi hubeba nusu ya kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni. Nimesoma pia kwamba mgomba wa mzuzu una kromosomu 33. Nusu yake ni ngapi? Na je, ndiyo maana ndizi zetu hazina mbegu?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana, maana umeshika palepale penye fundo.

Wengi huikariri hiyo “nusu” kama hesabu ya kugawa kwa mbili. Meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, haifanyi hivyo. Kazi yake ni kupanga jozi, kisha kuzitenganisha. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba, moja kwa mama. Kwanza kila kromosomu hujinakili. Halafu wenza hutafutana, hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Mgawanyiko wa kwanza hutenga wenza, wa pili hutenga nakala, na kila seli inayotoka huwa na 23.

Mgomba mwitu una kromosomu 22, jozi 11. Hupita njia hiyohiyo bila tabu, na ndizi zake hujaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe. Mzuzu, kama mkono wa tembo, una seti tatu za 11. Hapo kila kromosomu ina wenza wawili badala ya mmoja. Mbili zikishikana, ya tatu hukosa wa kushikana naye. Au zote tatu hung’ang’aniana, na zikiachana ile ya ziada huangukia upande wowote. Kwa hiyo nusu ya 33 haipo. Seli moja hutoka na 15, nyingine 18. Tukichukulia kwamba kila ya ziada huenda kwa bahati tu, seli yenye 11 kamili hupatikana mara moja katika 2,048. Nyingine nyingi huwa na hesabu pungufu au iliyozidi, na mbegu haifanyiki.

Kata mzuzu ulioiva kwa kuukingamisha, utazame katikati. Vile vinukta vyeusi ni vijiyai ambavyo havikuwahi kuwa mbegu.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kromosomu 33 zinaeleza kukosekana kwa mbegu, si kujaa kwa nyama ya tunda. Ndizi hunenepa bila kuchavushwa kwa sababu ya jeni nyingine. Tikitimaji lisilo na mbegu nalo lina kromosomu 33, ila bila chavua ya tikiti la kawaida kuligusa ua lake, halijai.

Ndiyo maana mgomba tunaupanda kwa chipukizi, na chipukizi ni nakala ya mamaye, kwa mitosisi tupu, yaani mgawanyiko wa seli unaonakili tu. Vipande havibadilishwi, basi ugonjwa unaoshinda mgomba mmoja hushinda na jirani zake wa aina hiyo. Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani ya mgomba, ilipoonekana Pemba mwaka 1987, ilikuta mashamba ya namna hiyo. Wanaozalisha aina mpya hulazimika kupaka maua ya migomba ya seti tatu chavua ya migomba yenye mbegu, kisha wakapekua mikungu kwa mikungu wakitafuta mbegu chache zilizobahatika.