Wakala wa AI anasema logi ni safi, ilhali malipo yalikwama

Swali: Tuna zana ya ndani inayotafuta kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za seva zetu, na tumeiunganisha na wakala wa AI kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha AI na zana. Wiki iliyopita wateja walilalamika kwamba malipo yalikwama kati ya saa nane na saa tisa usiku. Wakala akatafuta, akajibu kwamba hakuna hitilafu yoyote. Hitilafu zilikuwepo. Nimeshaandika mwongozo wa kurasa kadhaa, na mwenzangu ananishauri niongeze mstari wa herufi kubwa: USIBUNI MAJIBU. Niuandikeje mwongozo huu? *Mhandisi, Dar es Salaam*

Jibu: Ndugu yangu, kwa maelezo yako wakala hakubuni kitu. Alitafuta, zana ikamrudishia jibu tupu, naye akalipokea kama habari njema. Herufi kubwa hazitibu ugonjwa huo.

Tazama saa zenyewe. Saa nane usiku ya Dar es Salaam ni 02:00, na kama seva zenu zinaandika kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3), kama zilivyo nyingi, kwenye logi itasomeka 23:00 ya siku iliyotangulia. Usiku wa manane logrotate, programu inayofunga faili la logi na kuanza jipya, nayo mara nyingi hupita. Mistari mnayoitaka inabaki kwenye faili la jana, na huenda faili hilo limeshabanwa na kupewa mkia wa .gz. Grep ya kawaida, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, haisomi maandishi yaliyomo ndani ya faili la namna hiyo. Kazi hiyo ni ya zgrep. Ukitafuta 02:00 ndani ya faili la leo hupati kitu, hata kama faili la jana limejaa vilio.

Kinachonikera kuliko vyote ni imani kwamba kuandika nyaraka kwa ajili ya AI ni kueleza zana inafanya nini. Watu wanachukua ukurasa wa `--help` (msaada unaokuja na zana), wanaupitisha kwenye AI nyingine ili uwe mrefu, wanaubandika, basi. Modeli imeshasoma habari za grep kuliko wewe na mimi. Isichokijua ni pale ambapo zana yako haioni, na hilo `--help` haliwezi kulisema.

Chukua ripgrep, ndugu wa grep ambayo wengi wanaipenda kwa kasi yake. Kwa kawaida inaruka mafaili yaliyofichwa na yale yaliyotajwa kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git inaambiwa iyapuuze. Sasa fungua .gitignore ya mradi wako: uwezekano ni mkubwa utakuta `*.log` humo. Kwa hiyo ukiiendesha ndani ya folda la mradi, inaruka yale yale mafaili uliyoitumia kuyatafuta, bila kulalamika. Au journalctl, amri ya kusoma logi za mfumo wa Linux: mtumiaji wa kawaida asiye kwenye kundi la systemd-journal, adm wala wheel huonyeshwa logi zake mwenyewe tu, si za mfumo. Wakala akiona `-- No entries --` atajuaje kama hakuna tukio au hana ruhusa?

Grep yenyewe ni mwaminifu. Hurudisha 0 ikipata, 1 isipopata, 2 ikitokea kosa, kwa mfano imeshindwa kufungua faili. Ni sisi, tunapoifunika kwa skripti, tunaoitupa namba hiyo na kurudisha maandishi matupu kwa hali zote mbili, ya kukosa na ya kushindwa. Ukishafanya hivyo, hata mwongozo wa kurasa mia hauna msaada.

Kwa hiyo punguza mwongozo. Andika mistari michache kama hii: "Hutafuta logi za huduma ya malipo za siku 14 zilizopita, pamoja na mafaili yaliyobanwa. Muda wote ni UTC: toa saa 3 kwenye saa ya Dar es Salaam. Haioni logi za hifadhidata. Hurudisha mistari 100 kwa mara moja, mipya kwanza." Kisha ifanye zana yenyewe iseme kila inapojibu: "Iliyolingana: 0. Mafaili yaliyosomwa: 6. Yaliyoshindikana: 2, hakuna ruhusa. Kipindi: 23:00 hadi 00:00 UTC." Jibu hilo nalo ni nyaraka, tena wakala analisoma wakati ule ule anapolihitaji.

Kikomo usikisahau. Mifumo ya kuhifadhi na kutafuta logi nayo inacho: Loki isipoambiwa hurudisha mistari 100, Elasticsearch matokeo 10. Ukiona ripoti ya wakala inasema hitilafu zilikuwa 100 kamili, shuku kikomo kabla ya kuamini hesabu.

Sasa kuna wanaouza mafaili ya maelekezo yaliyo tayari, eti ukiyabandika wakala anakuwa "mhandisi mkuu wa miaka ishirini". Achana nao. Hawajui logi zako ziko wapi wala nani ana ruhusa ya kuzisoma. Wengine watakuuzia sentensi ya kumkataza wakala kutii amri zilizofichwa ndani ya logi. Iandike, haidhuru, lakini usiitegemee. Logi hubeba maneno ya watu baki. Mtu yeyote huweza kujaza atakacho kwenye sehemu ya User-Agent, ambapo kivinjari hujitambulisha kwa seva. Desemba 2021 Log4Shell, udhaifu wa usalama kwenye maktaba ya logi ya Log4j, ilionyesha ulimwengu mzima yanayotokea programu inapolichukulia neno la mgeni ndani ya logi kama amri. Kinga ni kumnyima wakala anayesoma logi uwezo wa kuwasha upya seva, na kumnyima pia uwezo wa kufunga tiketi (malalamiko yaliyosajiliwa) kwa sababu tu hakupata kitu. Timu nyingi zinampa uwezo huo siku ya kwanza, kabla hata ya kujua zana inasoma mafaili gani.

Kabla hujaongeza neno lolote kwenye mwongozo, panda mstari unaoujua ndani ya faili lililobanwa, umwambie wakala autafute. Halafu iondolee zana ruhusa ya kusoma faili hilo, uulize swali lile lile. Majibu mawili yakifanana, kwanza rekebisha zana.