Re: Mbona Mbeya mjini Kinyakyusa kimetawala wakati wenyeji ni Wasafwa?

Mkuu, ni kweli wenyeji ni Wasafwa na inaniuma wanavyosahaulika. Ila mji wenyewe umekua kuanzia miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na kwao Wanyakyusa, Rungwe, ardhi ilikuwa imeshabana, basi vijana wa Kinyakyusa wakafuata kazi migodini, wengine wakapitiliza hadi migodi ya shaba ya Copperbelt, Zambia, waliorudi wengi wakaona bora mjini. Miaka ya 70 ikaja reli ya TAZARA, watu wakazidi kumiminika.

Halafu usiishie mjini, shuka bonde la Usangu uone mchanganyiko wenyewe: Wasangu, Wabena, Wabaluchi waliolima mpunga wa umwagiliaji tangu ukoloni, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao.